Taa Nilizomfungia Shemeji

Nilitoka Mbeya kwenda kumtafuta mtu aliyemuua shemeji yangu. Nasema wazi mapema ili msomaji asidhani nilikwenda kuangalia nchi. Mfukoni nilikuwa na barua ya mashtaka niliyoiandika kwa mkono wangu, ya kupeleka bomani Iringa, kuomba dereva yule afungwe. Jina lake lilikuwa Kihwele. Kwa wiki nzima nilikuwa nikilitaja kila nilipokaza nati, na nati nyingi siku zile nilizikata.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Miaka ile ya hamsini kibanda changu cha mabati kilikuwa nyuma ya soko, na Waafrika wenye pikipiki Mbeya nzima tulijuana kwa majina: karani, mwalimu wa misheni, bwana shamba, tabibu wa zahanati. Mchana tuliamkiwa kwa heshima. Usiku barabarani hatukuwa watu. Madaraja ya njia ya Iringa yalikuwa membamba, gari moja tu hupita, na madereva walikuwa na desturi yao: ukiona taa za mwenzako ng'ambo, pima. Aliye karibu na daraja apite, aliye mbali angoje. Lakini desturi hiyo ilikuwa ya taa mbili. Taa moja haikupimwa na mtu. Taa moja ni baiskeli, au ni mlevi na kandili yake. Huyo atajibana mwenyewe. Mimi malori yalinitupa mtaroni mara mbili, na dereva hakugeuza hata shingo.

Ndipo nikapata akili, nikajiona nina akili kweli. Nilikata chuma cha urefu wa shibiri mbili, nikakifunga mbele ya usukani, nikang'oa taa ya katikati na kuweka taa mbili, moja mwisho huu, moja mwisho ule. Usiku wa kwanza lori lilisimama likanipisha darajani. Nilicheka peke yangu njia nzima. Watu wakaja, nikawafungia na wao. Wa kwanza kabisa alikuwa Lusajo, mume wa dada yangu Tusekile, tabibu wa zahanati huko Igowole, ambaye kila mwezi alikwenda Iringa kuchukua dawa na kurudi na giza. Katika safari moja ya namna hiyo lori la Kihwele lilimkanyaga darajani. Mimi nilipata habari amekwisha zikwa.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, niliwasha pikipiki yangu. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya mwezi huo haina adabu. Nilivaa makoti mawili na bado meno yaligongana. Uyole niliipita watu wamelala. Nilipoteremka Chimala jua lilikuwa limetoka, nikavua koti moja, na vumbi la Usangu likanivika jingine. Wafugaji walikuwa wakivusha ng'ombe, mmoja akanipungia fimbo. Sikumpungia. Nilikuwa nimebeba hasira, na mtu mwenye hasira anaona kila anayecheka anamcheka yeye.

Makambako upepo ulinisukuma pembeni ya njia kama mlango mbovu. Nilikunywa chai kwenye kibanda, nikasikia madereva wawili wakizungumza habari za Kihwele. "Kafukuzwa kazi," mmoja alisema. "Dereva wa miaka kumi na tano, hajaua hata kuku." Nililipa chai nikaondoka bila kuimaliza.

Saa tisa alasiri niliingia Igowole. Dada yangu alikuwa amekaa kibarazani, kitambaa cheusi kichwani, anapukuchua mahindi. Aliponiona hakulia. Alisimama, akaninawisha mikono yenye vumbi, akanipa kiti.

"Umechelewa, kaka," alisema.

"Nilichelewa kupata habari. Lakini huyo mtu nitamfunga. Barua ninayo hapa."

Aliingia ndani, akatoka na kitu alichokifunga kwenye khanga. Ilikuwa taa moja ya Lusajo, nzima kabisa, kioo hakina hata mkwaruzo. Nyingine ilikuwa imesagika.

"Hii nimeiweka," alisema. "Nilikuwa nagombana naye kila mwezi, asirudi usiku. Tangu ulipomfungia taa zako nikaacha kugombana. Nikawa nalala. Ndaga, kaka. Ulinipa miezi sita ya usingizi."

Nilipokea shukrani ile. Niliipokea kichwa juu, Mungu anisamehe, nikasema nitamfungia yule Mhehe gerezani kama nilivyofunga zile taa.

Jumamosi asubuhi nilishika njia ya Iringa. Nilipita darajani penyewe mchana, sikuona kitu ila mbao mpya mbili kwenye kingo na maji kidogo chini. Kabla ya kufika Tosamaganga niliuliza kwake Kihwele, nikaelekezwa njia ya miguu inayoshuka bondeni. Huko nilimkuta mzee mmoja katika vinyungu, yale mashamba ya bondeni ambayo Wahehe hulima kiangazi maji yakipungua. Alikuwa anapiga tuta, na ilionekana mikono yake haikuzoea jembe.

"Kamwene," alinisalimu.

Sikuitikia. Nilisema, "Mimi ni shemeji yake Lusajo."

Alichomeka jembe lake ardhini. "Nilijua mtakuja. Nilifikiri mtakuja wengi."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sijalewa tangu nianze kushika usukani."

"Ulimwona?"

"Niliona gari," alisema. "Sikiliza, kijana. Niliona taa mbili, mbali kule, zinateremka kilima. Nikapima. Nikasema huyu bado, daraja ni langu. Nikaingia. Sijafika katikati, taa ziko mbele ya boneti, na gari lenyewe hakuna. Ni mtu na pikipiki."

"Mwongo wewe," nilimwambia. Mzee wa umri wa baba yangu nilimwita mwongo katika shamba lake. Niliongeza na mengine ambayo siyaandiki.

Alikuwa anatazama nyuma yangu, juu kwenye njia, nilikoegesha pikipiki yangu. Alipanda taratibu hadi ilipo. Alishika chuma cha mbele, akaweka mkono mmoja juu ya taa hii na mwingine juu ya taa ile.

"Nani alikufungia hizi?"

"Mimi mwenyewe. Na za Lusajo nilifunga mimi."

Aliondoa mikono juu ya taa. Kisha akasema, "Jua likizama twende darajani. Ukitoka huko, barua yako peleka unakotaka."

Jioni hiyo nilimpakia nyuma. Mtu niliyetoka Mbeya kumfunga alikaa nyuma yangu amenishika mabega kwa sababu njia ilikuwa na mashimo. Tulifika darajani wakati mtu hatambui tena sura ya mwenzake.

"Iache hapa, mwanzo wa daraja," Kihwele alisema. "Injini iungurume. Taa ziwake."

Niliisimamisha pale, nikaiegemeza vizuri kwa mikono yangu. Tukavuka daraja kwa miguu, tukapanda upande wa pili, yeye mbele, mimi nyuma. Alinikataza kugeuka. Tulitembea mpaka muungurumo ukapotea kwenye upepo wa misonobari. Giza lilikuwa limekwisha funga: hakuna mlima, hakuna daraja, hakuna njia.

"Hapa ndipo nilipokuwa," alisema. "Geuka. Gari lile liko wapi?"

Niligeuka. Niliona gari. Naapa niliona gari, limekaa mbali, juu kabisa ya kilima cha ng'ambo, na kati yangu na lenyewe kuna nafasi ya kuvuka daraja, kuwasha sigara na kuivuta nusu.

"Liko juu ya kilima," nilisema, kabla sijafikiri.

"Umeliacha mwenyewe darajani."

Nilifumba macho nikafumbua. Nilijua lilipo. Niliegesha mwenyewe. Hata hivyo macho yalikataa. Yaliniambia mbali, mbali, bado. Hapo nikaelewa, na nilielewa kifundi, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Taa za gari zimeachana. Likiwa mbali, zinaonekana zimesogeleana. Kadiri linavyokuja, ndivyo zinavyoachana. Giza likiingia, dereva hana kipimo kingine ila nafasi ile kati ya taa na taa. Mimi nilichukua taa mbili nikaziweka shibiri mbili. Nilijenga kitu ambacho, kikiwa mbele ya uso wako, kinasema kiko kilimani.

Nilikaa chini barabarani nikalia. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi kilikuwa mikononi mwangu, na nilikwenda kukitafuta Uheheni.

Kihwele hakunibembeleza. Alisimama tu mpaka nilipomaliza. "Nilidhani nimerogwa," alisema. "Wiki tatu najiuliza gari lile lilikwenda wapi. Mke wangu akaniambia nisiseme habari ya gari, watu watasema nina wazimu."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi nani nikusamehe? Nimeua mtu. Anza na wafiwa wenyewe."

Jumatatu nilipanda Iringa mjini, bomani. Barua ya kwanza niliichana mlangoni. Nilimwambia karani wa boma habari nyingine: kwamba dereva alipima kwa haki, kwamba taa zilimdanganya, na taa nilifunga mimi. Aliandika yote kwa utulivu, kisha akaniuliza kama naelewa ninachokisema. Nikamwambia naelewa kuliko yeye. Akanipa kalamu nitie sahihi. Sahihi ilitoka mbaya. Mashtaka ambayo polisi walikuwa wamekwisha mfungulia Kihwele yalikuja kufutwa baadaye, lakini mwenye lori alikuwa amekwisha ajiri dereva mwingine, na mzee aliendelea na vinyungu vyake.

Jumatatu hiyo hiyo alasiri nilirudi Igowole. Njiani nilitunga maneno ya kumwambia Tusekile, mazuri, ya mtu mzima. Nilipofika nilisema kwa ufupi tu: "Dereva hana kosa. Alidhani ni gari, tena liko mbali. Ni taa zangu, dada."

Hakuelewa. Nilichukua mahindi mawili, nikayaweka chini yameachana, nikamwonyesha gari. Nikayasogeza pamoja, nikamwonyesha gari hilo hilo likiwa mbali. Kisha nikamwonyesha pikipiki ya mumewe. Aliyatazama yale mahindi mpaka nikatamani apige kelele.

"Na ile taa yake moja ya zamani?" aliuliza mwisho. "Wangemwona yuko wapi?"

"Wangemdhania baiskeli. Wangemsukumia mtaroni."

"Mtaroni," alisema. "Angerudi na matope."

Alikwenda ndani. Nilisikia anafungua sanduku. Alitoka na ile taa nzima, bila khanga, akaniwekea mapajani kama mtu anayerudisha kitu cha jirani.

"Umefunga pikipiki ngapi nyingine?"

"Tano. Na yangu."

"Wenyewe wana wake?"

"Wanao."

"Basi usilale hapa, kaka. Nenda."

Ugali ulikuwa jikoni, niliusikia harufu. Kwetu ndugu haondoki nyumbani kwa dadake bila kula. Sijapata kufanyiwa vile kabla wala baada. Niliwasha pikipiki nikaondoka. Giza liliponikuta nilizima injini nikalala kando ya njia hadi kunakucha, kwa sababu sikuthubutu kuziwasha zile taa.

Mbeya nilifika Jumanne. Sikufungua kibanda. Nilichukua spana nikaenda nyumba kwa nyumba. Baada ya kujaribu jioni nyingi na rafiki yangu mmoja amesimama njiani kunitazama, nilipata mpango mwingine: taa moja kubwa katikati juu, na ndogo mbili chini kabisa karibu na miguu, zimekaa kama mafiga. Hakuna gari lenye taa za mafiga. Dereva akiziona hajui ni nini, na dereva asiyejua anachokiona hupunguza mwendo. Nyuma nikaweka taa nyekundu, kwa kuwa wa nyuma naye ana macho. Wanne walikubali. Mwalimu wa misheni alinishukuru, nikamkataza asinishukuru.

Wa tano alikuwa karani, mtu wa suti. Nilimweleza yote, hata kisa cha mahindi. Alinisikiliza amekunja nne.

"Fundi," alisema, "tangu nifunge hizi taa malori yananipisha. Unataka nirudi kuwa mwenda baiskeli?"

"Nataka uonekane ulivyo."

"Nilivyo najijua mwenyewe," alinijibu, akaingia ndani.

Nilikwenda tena mara tatu. Mara ya mwisho hakunifungulia. Alilosema ndilo nililolisema mimi nilipokuwa nikikata kile chuma.

Safari ile ilinifundisha kwamba taa haitoshi kuonekana. Lazima iseme kweli juu ya aliyeibeba. Nimejifunza kwa uhai wa mume wa mtu. Siku hizi jua likizama, nikiwa njiani na nikaona taa mbili zilizokaribiana zinateremka kutoka juu, siulizi ziko mbali kiasi gani. Nasimama nje ya barabara kabisa, ndani ya nyasi, nangoja mpaka nijue kama ni gari au ni yule karani.