Sanduku Lilitua Salama, Kwa Mujibu wa Simu Yangu

Kanuni za shirika la ndege nilizisoma mimi, maana kwetu Kiptere msomi ni mimi. Kifaa cha kufuatilia mizigo, chenye betri ndogo, kinaruhusiwa ndani ya sanduku. Betri kubwa za kuchajia simu ndizo abiria anazotakiwa kubeba mkononi. Jambo jepesi kabisa. Nikanunua kifaa, nikakitia katika sanduku la safari la mama, kando ya kibuyu cha mursik, maziwa lala tunayompokelea mtu aliyeshinda. Dada yangu alikuwa anahitimu udaktari ng'ambo, na mama aliapa kumnywesha kwa mkono wake siku hiyohiyo ya joho.

Lakini mama ameuza majani chai tangu ujana wake. Kwenye kituo cha kununulia, karani wa mizani akisema toa jani hili, unatoa. Ukibishana, mzigo wote unarudi nao nyumbani. Pale uwanja wa ndege akakuta mizani, na nyuma ya mizani karani. Karani akauliza kama kuna kitu cha betri sandukuni. Mama, mkulima mwenye nidhamu, akafungua sanduku, akatoa kifaa changu, akakitia mkobani mwake.

Sisi huku Kiptere tuliikodolea macho nukta ya kifaa kwenye simu. Majirani walikuja, wakamaliza chai yetu, wakapiga makofi sanduku lilipotua. Nikampigia dada, nikamwambia atulie, mursik imefika. Sijawahi kuwa na uhakika mkubwa namna hiyo maishani.

Sanduku lilikuwa Nairobi bado. Shirika lilituambia, kwa upole wa ajabu, kwamba halijui liko wapi, likatushauri safari nyingine tuweke kifaa cha kufuatilia. Tulishukuru sana.

Dada alivaa joho bila mursik. Kwenye picha mama amesimama kando yake, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Picha hiyo inaniuma mpaka leo.

Baadaye sanduku lilipatikana, likaletwa kwetu Kiptere badala ya kwa mama, mursik imemwagikia gauni lake la kanisani. Mama mwenyewe alikuwa bado ng'ambo; dada alimwomba abaki huko mwaka mzima. Siku moja mama akanipigia.

"Hii kitu yako ya betri ni ya nini sasa? Nitupe?"

Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kuchuma, nilikuwa nimeshaitazama ile nukta kwenye simu, imetulia katika mtaa wa ng'ambo nisioujua.

"Usitupe, mama," nikasema. "Wacha ikae hapo kwa mkoba."