Tokeni ya Njia ya Mbale

Kwa zaidi ya miaka ishirini baba yangu alilala na kipande cha chuma chini ya mto wake wa kulalia. Kilikuwa cha duara, kinajaa kiganja, kimechongwa jina la Mbale na jina la stesheni iliyo kabla yake. Watu wa reli hukiita tokeni. Penye njia moja, dereva wa treni haondoki mpaka akabidhiwe tokeni, na akifika mwisho wa kipande hicho cha njia humkabidhi msimamizi wa stesheni, mkono kwa mkono, ndipo irudishwe kwenye mashine yake. Tokeni ikiwa nje, hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kupita.

Siku ya treni ya mwisho ya abiria, Baba ndiye aliyeiendesha. Alifika Mbale akakuta ofisi imefungwa, msimamizi amekwisha achishwa kazi. Mtu mwingine angeiacha dirishani akaenda zake. Baba hakuweza, kwa sababu tokeni haiachwi juu ya kitu, inapokelewa na mtu. Akaitia mfukoni, akarudi nayo Jinja kwa basi. Tangu hapo akashika imani kwamba yeye ndiye aliyeifunga njia ya Mbale. Nyasi zilipoota juu ya reli alijilaumu, na mvua ilipobomoa tuta alijilaumu vilevile.

Mimi si mtu wa subira. Nina duka la vitambaa Bugembe, na ulimi wangu umenolewa pale. Siku moja nilimwambia, "Baba, treni zimeuliwa na wakubwa, si wewe. Hicho chuma wape wanaonunua vyuma chakavu." Wiki mbili alikula chakula nilichompikia bila kunitazama usoni.

Kisha wakaanza kuitengeneza njia. Wakati huo Baba alikuwa akitembea kwa kushika ukuta, na daktari alitwambia moyo wake umechoka. Aliandika barua kwa watu wa reli kwa mkono wake mwenyewe, akiomba aipeleke tokeni Mbale kwa treni, si kwa barabara. Niliona anajisumbua. Jibu likaja: tungepanda treni inayobeba kokoto, kwenye behewa la gadi, yule msimamizi wa safari anayekaa mkiani mwa treni.

Alikataa kupandia Jinja. Alitaka kuanzia ng'ambo ya Nile, ndani ya msitu wa Mabira, kwa kuwa ndiko alikozoea kutokea. Gadi, Mkenya wa makamo mwenye sauti ya upole, alimshika mkono kumpandisha. "Karibu, mzee wetu. Kiti ni hiki kimoja, mimi nitasimama."

Msituni kulikuwa na baridi na harufu ya majani yaliyooza. Matawi yalikwaruza mabati ya behewa, mahali pengine jua halikufika kabisa. Baba alifumba macho, akawa anatutajia njia kabla haijafika: hapa kona, hapa mteremko, hapa dereva anapiga honi. Honi ilipochelewa, alisonya. Gadi akacheka kidogo, akamwambia madereva wa sasa wana haraka, mzee awasamehe.

Kwenye daraja la Nile treni ilitambaa. Baba alivua kofia yake ya kushona, akasoma Fatiha kimya huku maji yakizunguka chini yetu, kisha akaivaa tena. Nilikumbuka utoto wetu katika nyumba za reli pale Jinja. Kila aliporudi safari alibisha mlango mara tatu, akanyamaza, kisha mara moja. Hizo ndizo kengele ambazo stesheni moja huipigia nyingine kusema treni imefika salama. Mama naye alimjibu kwa kugonga mara moja kutoka ndani, ndipo akafungua. Mama alikwisha tangulia, na mlango ule siku hizi una kengele ya umeme.

Tulipita nyuma ya maduka ya Bugembe, tukaingia kwenye miwa, halafu mafunjo ya bonde la Mpologoma, maji kulia na kushoto. Nilimuuliza kwa nini asimpe gadi tokeni yake, tukaokoa nguvu zake. Alitikisa kichwa.

"Nikifa nayo, mwanangu, nani ataifungua ile njia?"

Nilitaka kusema kwamba sisi wenyewe tuko juu ya njia hiyohiyo, na inapitika. Mara hii niliuma ulimi.

Baada ya mwamba wa Tororo tukageuka kaskazini. Mashamba ya mpunga ya Manafwa yalikuwa yamejaa maji, na mbele yetu ukasimama ukuta wa mlima Wanale wenye maporomoko membamba meupe. Pale Namatala wanawake walikuwa wameanika mahindi kwenye reli. Walikusanya maturubai yao bila haraka, mmoja akatupungia. Baba hakupunga. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika chuma.

Ofisi ya stesheni ya Mbale ilikuwa imejaa mifuko ya simenti. Mlinzi, mwanamume mwenye mvi na koti kuukuu la jeshi, alitoka akituangalia kwa mashaka.

"Wakubwa hapana hapa, bwana. Mimi narinda simenti tu."

"Lakini wewe ndiye uliyepo, afande?" Baba aliuliza.

"Ndiyo. Iko mimi peke yangu."

"Basi pokea."

Nilimwomba Mungu mlinzi asicheke. Mlinzi aliitazama tokeni, akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili. Akasoma jina kwa sauti. "Mbale." Halafu akaondoa mifuko mitano, akatuonyesha mashine ukutani, sanduku jekundu lililoshikwa na kutu. Nyigu walikuwa wameziba tundu lake kwa udongo. Aliuchokoa kwa msumari, akamrudishia Baba chuma chake, na Baba akakitia mwenyewe. Kikaanguka ndani.

Hakuondoka. Alisimama, kiganja juu ya sanduku, akingoja kengele ya stesheni ya pili ijibu. Waya ulikatwa zamani, naye alijua vizuri kuliko sisi. Hata hivyo alingoja. Nilimwonea uchungu, nikajichukia kwa lile neno langu la vyuma chakavu.

Nje, kwenye boriti ya paa, palining'inia kipande cha reli kilichokuwa kengele ya abiria. Niliokota jiwe. Nikagonga mara tatu, nikanyamaza, nikagonga mara moja.

Nikiwa bado nimeshika jiwe, nilisikia Baba akigonga sanduku kutoka ndani ya ofisi, mara moja.

Nilimkuta ameketi juu ya mfuko wa simenti, machozi yakimtoka wala hayafichi. "Umepiga kwa haraka," akasema. "Lakini wamesikia."

Alifariki mwezi uleule, usingizini. Nilipotandua kitanda chake, chini ya mto wa kulalia hapakuwa na kitu.