Barua ya Koko Iliyokwama Nyuma ya Sura Yangu

Prefe, mkuu wa shule yetu, alinipa adhabu aliyoiona kali: kila Jumanne na Ijumaa saa nane, wenzangu wakienda mpira, mimi niende ofisi ya kanisa kuandika barua za watu kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Kosa langu lilikuwa kuiga jinsi prefe anavyotembea, naye akiwa nyuma yangu. Darasa lilikuwa kimya kabisa. Nilidhani wananistaajabia.

Ilikuwa miaka ya vita. Nusu ya mji wetu wa Baraka ilikuwa imevuka ziwa, iko kambini upande wa Tanzania, na mama yangu mmoja wao. Mimi nilibaki na koko, mama yake mama, kwa sababu koko alikataa boti. Alisema ameoga ziwa hili tangu utoto, na hatavushwa juu yake kama kapu la ndakala, hao dagaa wetu. Kwa hiyo nilibaki kumtunza, ingawa ukimuuliza, yeye ndiye aliyebaki kunitunza mimi.

Posta haikuwepo. Ofisi ya kanisa ilikuwa na ordinateri moja, rangi ya meno ya mvuta tumbaku, na simu ya satelaiti ambayo antena yake tuliiweka dirishani iangalie mbingu. Watu wanasema maneno yao, mimi naandika. Kila barua inaingia kwenye sanduku la kutuma. Tukimaliza, sekretere wa kanisa anaunganisha simu, na barua zinaondoka moja moja kwa zamu zilivyoandikwa, mpaka betri ya simu izime, kama dakika kumi hivi. Ng'ambo, ofisi nyingine inazichapa na kuzibandika ukutani kambini. Baada ya siku mbili tatu, mtu amesoma yake.

Kando ya ordinateri kulikuwa na skaneri, ile mashine ya kupigia karatasi picha. Jumanne moja, barua zote zimeshaondoka, sekretere akatoka kwenda kula muhogo wake. Nikabaki peke yangu na wazo. Nikainua kifuniko, nikalaza uso kwenye kioo, pua imepondeka, midomo imebanwa, jicho moja wazi. Picha ikatoka safi: nilifanana na samaki wa mukeke aliyesahauliwa juani. Nikachagua ubora wa juu kabisa, maana sura kama hii huwezi kuifanyia ubahili, nikaiweka sandukuni iende kwa rafiki yangu, yule tuliyekaa dawati moja kabla hajakimbia. Nikaongeza maneno: ibandikwe ukutani, bamama waone bwana harusi. Ikawa ya kwanza katika zamu ya Ijumaa.

Siku iliyofuata miguu ya koko ikavimba. Alikuwa anapumua kama mtu anayepanda milima ya Bibokoboko na mzigo kichwani. Muuguzi akaja, akamtazama, akaniita nje.

"Mama yako iko ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Umuite. Hapana kawia."

Sasa, kumwita mtu kwetu si jambo rahisi. Kifo hakiandikwi. Mtu akifa, unamwandikia mwanawe, "Mama anaumwa sana, kuya," yaani njoo, ili asianguke huko peke yake. Aje alilie nyumbani, katikati ya watu. Kila mtu anajua. Ndiyo maana ukimwandikia kwamba mgonjwa anaumwa kweli, anaanza kilio palepale, tena anajiuliza kuna haraka gani ya kuvuka ziwa la risasi kwa ajili ya kaburi. Koko aliyajua hayo kuliko mimi.

"Andika matusi," akaniambia.

"Koko, ni ofisi ya kanisa."

"Mungu iko nasikia matusi yangu tangu zamani. Andika. Mufu hatukani."

Akanipa maneno, nikayashika kichwani mpaka Ijumaa: "Wee mutoto wangu mwenye kichwa kama chungu, mi ningali muzima. Jana nilikula bugali, mutoto wako aliunguza tena. Siku nikikufa ntakwambia mwenyewe. Kuya mbiombio unione. Ukichelewa ntakutukana mbele ya pasta, na pasta ntamutukana pia."

Sekretere alipoisoma alicheka mpaka akashika meza. Akaunganisha simu. Mstari wa kutuma ukasogea kidogo, ukapumzika, ukasogea kidogo tena, simu ikazima. Kwenye kioo cha ordinateri yakatokea maandishi: ujumbe haukutumwa, muda umekwisha, seva haijibu.

"Ni mawingu," akasema sekretere.

Jumanne hapakuwa na wingu hata moja, na maandishi yakawa yaleyale. Sekretere akakagua anwani herufi kwa herufi. Akaandika upya neno la siri. Akakagua jina la seva ya kutuma, ile mashine ya mbali inayopitisha barua, akatia alama mahali inapoulizwa kama seva inataka utambulisho, akaiondoa, akairudisha. Ijumaa akafuta akaunti nzima na kuiunda tena, sanduku likabaki lilivyo. Barua za kuingia zinaingia bila taabu, za kutoka hazitoki. Watu wakaanza kusema wapiganaji wamefunga anga. Pasta akaja, akaweka mkono juu ya antena, akaomba kwa muda mrefu.

"Pasta, tuibatize basi," nikasema. "Ziwa si iko karibu?"

"Tukubatize wee mara ya pili, ndiyo itafaa."

Nyumbani koko alikuwa ananingoja, mgongo ukutani.

"Amejibu?"

"Bado, Koko. Mashine imekwama."

"Amekasirikia matusi."

"Hajayasoma."

"Basi ongeza."

Nikaongeza mangapi nikiwa nyumbani, ili acheke tu! Alicheka kwa mabega, maana pumzi ya kucheka na sauti haikuwepo tena. Wiki ya tatu, Jumatano asubuhi, aliniita karibu na mkeka. Nikadhani ana tusi jipya.

"Futa matusi," akasema. "Mwambie tu akuye."

Nikamwahidi kufuta Ijumaa. Alhamisi akafa.

Tulimzika Ijumaa asubuhi, wakaninyoa kichwa kama mfiwa, na saa nane nikaenda ofisini kwa miguu yangu mwenyewe. Nilitaka kumwandikia mama ile barua ya desturi. Sekretere alinihurumia, akaniachia chumba. Nikaandika: "Mama, Koko anaumwa sana, kuya." Nikaiweka sandukuni, ikakaa chini kabisa ya foleni. Ndipo macho yangu yakapanda foleni ile, na kwa mara ya kwanza nikaangalia safu ya uzito. Barua zote, kilobaiti mbili, tatu, mbili. Ya juu kabisa ilikuwa na tarakimu nyingi mpaka nikadhani ni namba ya simu.

Nikaifungua. Jicho moja wazi likanitazama.

Kila Jumanne na kila Ijumaa programu ilikuwa inaanza na ile ya kwanza. Betri ilikuwa inazima pua yangu haijamaliza kupita, na nyuma yangu Baraka yote imesimama, kama watu waliozibwa na mtu mnene mlangoni pa kanisa.

Nikaifuta. Nikamwita sekretere, nikamwambia. Akaunganisha simu. Barua zikaanza kuondoka, na ya kwanza ilikuwa ya koko. Ningeweza kuisimamisha. Niliona inaondoka na kichwa chake kama chungu na bugali lake lililoungua, na mkono haukuenda. Ilikuwa sauti yake. Nikajiambia ile ya desturi iko nyuma palepale, zitafika siku moja. Simu ikazima zikiwa zimebaki nne. Yangu ilikuwa mojawapo. Jumatatu milio ya bunduki ikasikika barabara ya Fizi, na sekretere akakimbilia Nundu, simu kifuani, barua yangu ikabaki sandukuni.

Mama alikuja siku ya sita tangu barua ya koko iondoke, kwa boti ya injini. Nilikuwa ziwani nachota maji. Nikasikia kicheko chake kabla sijamwona. Alikuwa ameshaanza kupiga kelele boti haijagusa mchanga.

"Iko wapi ile muzee ya kunitukana? Nimekuya! Aseme sasa!"

Akaruka majini, mzigo kichwani umefungwa kwa kitenge kipya. Maji yalikuwa magotini pake alipoona kichwa changu kilichonyolewa. Akasimama.

"Siku gani?" akauliza.

"Alhamisi, wiki iliyopita."

"Na barua uliandika siku gani?"

Kila mtu pale Baraka angemwambia ni mawingu, ni wapiganaji. Mimi pia nilikuwa nayo mawingu mdomoni, tayari. Nikamwambia aliyeichelewesha ni mimi. Kwa kuwa hajawahi kugusa ordinateri, ikabidi nimweleze palepale majini: kioo cha skaneri, pua yangu, picha nzito kuliko barua za mji mzima, foleni, betri. Na kadiri nilivyoeleza, ilizidi kuwa kama vichekesho vyangu vya siku zote. Mama alinitazama kama watu wanavyonitazama nikianza hadithi, mdomo umefunguka kidogo, akingoja pale pa kucheka. Nikaendelea mpaka mwisho. Aliendelea kungoja.