Kiguu-na-Njia na Wadudu wa Bwawani

Pale kituo cha kufuga samaki walimwita Kiguu-na-Njia, maana kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako mpaka chai ikaisha kikombeni. Kazi yake ilikuwa kuwavulia vifaranga wa samaki chakula: wadudu wa majini wadogo mno, ukiwainua kwenye chupa utadhani vumbi linarukaruka. Kichandarua chake alishonewa na mkewe, fundi cherehani, kwa kitambaa cha bitana.

Jumamosi moja, siku ya mapumziko, miguu ikamuwasha. Akaingia bwawani akang'oa magugu yote ya kandokando, maji yakabaki yanang'aa kama sahani.

Jumatatu akavuta kichandarua, akainua chupa juani. Patupu. Akavuta katikati, akavuta chini, akavuta kivulini. Hola! Na vifaranga walishamaliza kile kiini wanachozaliwa nacho tumboni. Bila chakula, keshokutwa wangeelea matumbo juu.

"Nani kang'oa magugu?" akauliza msimamizi, mama mpole ambaye upole wake ulitisha kuliko kelele.

"Mimi, mama."

"Ulitumwa?"

"Miguu ilinituma."

"Basi iambie iwatafutie watoto chakula."

Mchana nyumbani hakugusa sahani. Akawa anaizunguka cherehani tu.

"Baba watoto, utanikanyagia nguo za watu! Una siafu kwenye suruali?"

"Wadudu wamehama, mke wangu. Sijui wamekwenda wapi."

"Hivi wewe, nyumba yako ikibomolewa, utakwenda wapi? Si utayafuata mabati yako?"

Akasimama tuli. Miaka yote alivua kando ya magugu kwa mazoea tu, hajajiuliza kwa nini pale. Na yale magugu aliyatupa mtaroni, nyuma ya stoo!

Alifika anahema. Rundo lilikuwa limelala majini nusu. Akakung'uta shada moja ndani ya ndoo, akachota kwa chupa, akaiinua: vumbi tele, linarukaruka.

Kufika jioni, vifaranga walikuwa na vitumbo vimetuna. Magugu yakarudishwa bwawani, na msimamizi akatoa amri: asiyaguse mpaka yashike mizizi.

Akamletea chai. Kiguu-na-Njia akakaa ukingoni, akainywa yote. Ila kisigino kilikuwa kinagonga ardhi, mbiombio, kama mkewe anapokanyaga cherehani.