Magoti ya Bibi na Uji wa Mwaloni

Kwa majuma kadhaa nilikosa usingizi kwa sababu ya magoti ambayo hata hayakuwa yangu. Yalikuwa ya bibi, mama yake baba, na swali lilikuwa moja: nimwache aendelee kupeleka uji mwaloni, au nikubaliane na shangazi kwamba ahamie mjini, Nyamisangura, akakae kwa wazazi wangu? Nikimwacha akaanguka njiani, lawama ni zangu. Nikimhamisha akanyong'onyea kwa kukaa, lawama ni zangu vilevile. Nilikuwa nimetoka chuo na shahada ya mipango, na kwa kuwa kazi ilikuwa haijapatikana, mipango yangu yote ilimwangukia bibi.

Nilikuwa naishi naye kijijini, kwenye nyumba aliyoachiwa na babu. Ng'ambo ya kijito chetu ilikuwa imeonekana dhahabu, na shamba la viazi la jirani likageuka mashimo. Vijana walikuja kutoka kila upande, wengine Serengeti, wengine hata ng'ambo ya mpaka. Karibu na maji wakaweka mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wao, na mwaloni hapo bibi akapata wateja wa uji wa ulezi. Kila asubuhi alijitwika ndoo, akashika fimbo, akateremka. Ule uji ulikuwa unamlipa kidogo, lakini nadhani alichokifuata zaidi ni watu wa kuwatania.

Magoti yalikuwa yamemsumbua kwa miaka, pamoja na vidole siku za mvua. Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, akayafunika kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto, akayapaka samli, kisha akanyoosha mguu mmoja, halafu wa pili, taratibu, huku akiyagombeza kwa Kikurya kama mtu anayeamsha watoto wavivu wa shule. Baada ya hapo alikunywa chai ya tangawizi na kusema, "Sasa yamekubali."

Mimi sikuridhika na magoti kukubali. Nilisoma kwenye simu. Ukurasa mmoja ulisema mgonjwa apumzike, mwingine ukasema atembee, wa tatu ulikuwa unauza unga wa mitishamba. Nikachagua kupumzika, maana ndiyo makala iliyokuwa fupi.

"Bibi," nilimwambia akiwa amechuchumaa mafigani, "kwa hali yako hii unatakiwa kupumzika."

Mwiko ukasimama.

"Kupumzika?"

"Ndiyo. Kupumzika kabisa."

"Mume wangu," alisema, maana kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi kwa utani, "magoti ndiyo kwanza yanauma, wewe umeshafika kaburini. Mchungaji umemwambia, au unanipumzisha kimyakimya?"

Nilijaribu kueleza kwamba sikuwa na maana hiyo. Alinisikiliza kwa huruma, akaniuliza kama jeneza litakuwa la mninga au nimepanga kubana matumizi. Siku hiyohiyo habari ilifika mwaloni. Nilipopita jioni, kijana mmoja aliyekuwa anaosha mchanga alisogea pembeni kunipisha.

"Mura, wewe ndiye unayepumzisha watu?" aliuliza, kwa neno letu la kumwita kijana. "Mimi uniache kidogo, nina watoto."

Nikaamua kumpeleka zahanati ili asikie kutoka kwa mtu asiye mume wake. Tabibu alimkunja magoti, akayanyoosha, akayabonyeza. Alisema gegedo limelika kwa umri na kwa kazi, halitarudi lilivyokuwa, lakini mtu anaweza kuishi nalo vizuri. Aendelee na maji ya moto. Atembee kila siku kwa kiasi. Asichuchumae kupika, asibebe mzigo kichwani, na akikaa akalie kiti, si kigoda. Goti likivimba ghafla au akipata homa, arudi haraka.

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa orodha. Bibi alikuwa amechukua sentensi moja tu.

"Umesikia?" alisema njiani. "Daktari kaniandikia mwalo."

Kesho yake nilimpelekea kiti cha plastiki kwenye sehemu yake ya kuuzia. Alikizunguka kama anayenunua ng'ombe, akabaki amesimama.

"Kalia, bibi."

"Kiti hiki mimi nakikalia msibani. Nikikikalia hapa, watu wataanza kuchanga."

Wateja walicheka mpaka mmoja akapaliwa na uji. Nilirudi na kiti changu nyumbani, nimekivaa mkononi kama kikapu, na shangazi akapiga simu nikiwa bado njiani. Shangazi ameolewa upande wa Kenya na hupenda mambo yaishe.

"Wewe si ndio umesoma?" alisema. "Sasa unangoja nini? Hiyo mambo ya uji iishe. Mpeleke kwa baba yako akae hii wiki. Jumapili nakuja na gari, tubebe vitu vyake vyote."

Bibi alikubali kwenda, kwa maneno yake, kusalimia. Nyumbani kwetu Nyamisangura kuna sofa moja ambayo mgeni akiizamia huonekana kichwa tu. Mama alimwekea bibi mto mgongoni, mto miguuni, runinga mbele na chai pembeni. Hakuruhusiwa hata kuchambua mchicha. Siku ya kwanza alifurahi na kuwakosoa watu wa kwenye tamthilia. Siku zilizofuata akawa haongei sana. Kuinuka kwenda msalani kukawa kazi: alinishika bega, akavuta pumzi, akapanda kutoka kwenye lile sofa kama mchimbaji anayetoka shimoni. Samli ilikuwepo, maji ya moto yalikuwepo, tangawizi ilikuwepo. Kutembea ndiko kulikokosekana.

Ijumaa nilimpelekea chai, akaipokea na kusema ahsante, akaniita kwa jina langu.

Nilibaki nimesimama na sahani tupu. Tangu nijue kutembea, bibi aliniita kwa jina langu tu akiwa amekasirika au akiwa anaumwa kweli, na hasira sikuiona. Nilimwambia mama kwamba bibi amesahau dawa zake kijijini. Dawa zenyewe zilikuwa samli na maji, lakini mama hakuuliza. Jumamosi asubuhi tukarudi.

Hapo swali la kukaa au kutembea lilikuwa limekwisha. Lililobaki lilikuwa ndoo. Kichwani kwa bibi isingerudi, tabibu alishasema. Bodaboda isingepita kati ya mashimo na kijito. Wasichana wa jirani asubuhi huwa shuleni. Mtu mzima asiye na kazi, mwenye shingo nzima, alikuwa mmoja pale nyumbani, nami nilikuwa nimemzunguka kwa muda wote huo katika mahesabu yangu. Kwetu mwanamume hubeba begani, au kwenye baiskeli. Kujitwika ndoo ya uji kichwani ni jambo la wanawake, na mwaloni walikuwepo vijana niliosoma nao shule ya msingi. Nilitafakari kuhusu bega, lakini nilipojaribu na ndoo ya maji, yakamwagika. Nilitafakari kuhusu toroli, nikakumbuka kijito. Mchana nikapiga simu.

"Shikamoo shangazi. Bibi hahami."

"Nani amesema?"

"Mimi. Jumapili njoo, lakini njoo kumsalimia."

"Na hiyo ndoo atabeba nani?"

"Mimi."

Alicheka hadi akakohoa. Alipopata sauti alisema atakuja kushuhudia, na kwamba nisije nikamwaga uji wa watu. Hakusema tena habari ya gari.

Mchana uleule nilichanganya udongo, nikapanga matofali hadi usawa wa kiuno, nikajenga jiko ambalo bibi angepikia amesimama. Aliukosoa mdomo wa jiko, akasema ni mpana, nikaurekebisha. Shangazi alipokuja Jumapili alilikuta linakauka, akalizunguka, akasema limepinda.

Jumatatu bibi aliamka na kitambaa chake cha moto, akayagombeza magoti, akanywa chai. Goti la kushoto lilikuwa bado gumu, akaliongezea muda. Kisha akazungusha khanga, akaniwekea kichwani kama kata, akanisaidia kutwika ndoo. Yeye alibeba fimbo na kikapu chepesi cha vikombe. Tuliteremka polepole, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimekakamaa shingo, natazama mbele tu kama askari wa gwaride.

Walituona tukiwa mbali. Kazi ilisimama mwalo mzima.

"Mura," aliita mmoja, "kumbe umeolewa?"

Bibi hakugeuka. "Ameolewa," alijibu. "Ng'ombe nimetoa mwenyewe, na bado wananidai wawili. Shikeni vikombe kabla uji haujapoa."

Nilitua ndoo, nikafunua kifuniko, nikaanza kumimina.