Daftari la Matumizi

Daftari la matumizi la duka la mama nililitupa chooni kwa mikono yangu mwenyewe.

Juzi, katika ofisi ya kodi, nilimsikia afisa akimwambia muuza sabuni mmoja, "Mauzo nimeyaona, mama. Matumizi yako wapi?" Nikaukumbuka mchana mmoja nilipokuwa mtoto.

Mchana ule duka letu la Runazi lilinuka mafuta ya taa na dagaa. Mtu wa kodi alikuwa amekalia gunia la maharage. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Mama aliniambia, "Nenda ndani ulete madaftari yote mawili."

Daftari la mauzo baba alilisifu. Lile la matumizi, lenye nauli, mizigo na pango, ndilo lililozua ugomvi nyumbani. "Duka gani hili linalokula kuliko ng'ombe!" baba alikuwa akifoka. Niliamini mgeni akiliona atamfunga mama. Nikatokea mlango wa nyuma hadi chooni, na nikalisikia likitua shimoni.

"Nimeliona moja tu," nilimwambia mama.

"Basi, mama, yote uliyouza nayahesabu kuwa faida," mgeni alisema.

Mama alipekua hadi chini ya kitanda, akimfokea shangazi Speciosa, aliyemsaidia kuuza, kwamba ndiye aliyelipoteza. Kodi ilimaliza mtaji, duka likafungwa. Sasa najua kwamba daftari lile ndilo lingemwokoa.

Mpaka leo mama hasalimiani na shangazi. Krismasi hii nimewaalika wote wawili kwangu, na bado sijui nitaanzaje.