Mtani Wangu wa Pagalani

Asubuhi ile nilikuwa napunguza kiuno cha suruali ya mwalimu mmoja wa hapa Chanika, aliyekonda kwa shida za mwaka ule. Kaka yangu Kulwa, pacha wangu, alikuwa anapiga kelele uani kwamba nimeunguza maharage. "Doto, kwa mapishi haya mume utampata wapi?" Nikamwambia aanze yeye kuoa. Ndiyo ilikuwa asubuhi yangu ya mwisho ya kawaida, na niliimalizia kwenye ugomvi wa maharage.

Mvua zilikuwa zimegoma, mabomba ya mji yamekauka, na huku kwetu kulikuwa na visima virefu. Wenzetu wa upande wa Ukonga walikuja kwanza na ndoo, wakaja na mapanga, mwisho wakaja na bunduki. Zilitoka wapi, mie sijui hadi leo. Sie tukaitwa Watu wa Visima, wao Watu wa Mabomba. Havikuwa vita vya kabila wala dini. Kulwa, aliyekuwaga fundi wa kufunga pampu, akawa kamanda wa kisima chetu. Moshi ulitanda juu ya mji mpaka kuku wakawa wanaingia bandani mchana, wakidhani kumekuchwa.

Kabla ya adhuhuri ya siku ile ya maharage wakatuvamia. Nikakimbia na dumu la maji mkononi, nikajitupa ndani ya pagala la jirani, nyumba aliyoishia njiani kuijenga, chumba kimoja tu ndicho kilichoezekwa.

Mlikuwa na mtu ndani.

Amekaa sakafuni, paja linavuja damu, mkononi amefunga kitambaa wanachojitambulishia Watu wa Mabomba. Bunduki ilinitazama kifuani.

"Mayu wane!" nikapiga ukelele. Nikiogopa, namwita mama yangu kwa kilugha cha nyumbani, kinanitoka chenyewe.

Bunduki ikashuka kidogo. "We Mnyamwezi?"

"Ndiyo. Piga basi tumalize!"

"Mie Mngoni," akasema.

Asiyeujua utani hawezi kuelewa. Mnyamwezi na Mngoni ni watani tangu enzi za mababu. Tunatukanana, tunachukuliana hata kuku, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba, mtani ndiye anayefanya kazi na kuwachekesha wafiwa. Basi mdomo wangu ukajibu kabla sijafikiri: "Balaa gani hili! Yaani nife na mla panya?"

Akacheka mpaka akashika paja kwa maumivu. "Na mie nife na mpagazi?"

Risasi hazikukatika. Wenzake walikuwa upande huu, wenzangu upande ule, pagala katikati, na aliyechungulia dirishani alikuwa anatafuta kifo. Aliniambia anaitwa Fidelis, kazi yake kuchonga vitanda. Nilichana khanga yangu nikamfunga jeraha. Maji tuliyanywa kwa kifuniko cha dumu, na kila mara alinisukumia mie kwanza. Siku zikapita, tukawa tunanuka wote wawili, joto la bati linatuchemsha, na nikampenda. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulificha. Akilala nilikuwa namtazama na kuomba mapigano yasiishe, maana yakiisha lazima kuna watakaoingia kutuchukua, na mmoja wetu angekuwa adui wao. Mungu anisamehe, watu walikuwa wanakufa nje.

"Haya mambo yakiisha nakuja kwenu na mahari," akaniambia.

"Mahari gani? Gunia la panya?"

"Panya wanono." Akanishika mkono, na safari hii hakucheka.

Risasi zikanyamaza.

Kulwa aliingia bunduki ikiwa mbele. Nikasimama katikati yao.

"Doto, sogea."

"Huyu mtani."

Akamgeukia Fidelis. "Wa wapi?"

"Songea," Fidelis akajibu.

"Panya wa kwenu mmewamaliza, sasa mmefuata maji yetu?" Akashusha bunduki. "Nenda. Doto, mjazie hilo dumu, asije akafia njiani akatusingizia."

Kulwa huruma yake ndivyo inavyosemwa.

Fidelis akatoka akichechemea, jua kali, dumu limejaa. Wenzake wakaona mtu anatokea upande wetu na maji.

Hawakuuliza, wakafyatua.

Nafasi ya kuzika watu tuliachiana, hilo angalau lilibaki. "Watani tunatakiwa," Kulwa akasema, kwa kuwa ndiyo desturi, jingine hakulijua. Tukavuka mikono mitupu hadi kwao Fidelis. Mie sikuwa na haki ya kulia pale. Nilikuwa na haki ya mtani tu, na niliitumia yote. Nikalala kwenye mdomo wa kaburi nikasema hapiti mtu mpaka nipewe changu. Nikawaambia jeneza ni zito kwa panya aliowala huyu. Watu wakaangua kicheko. Mama yake akacheka machozi yakimtoka, akaniinua. "Ahsante mtani. Nilidhani sitacheka tena."

"Shikamoo mama," nikamwambia. Akanipa kuku, haki yangu.

Vita viliendelea hadi mvua ziliporudi. Hakuna aliyeshinda. Siku hizi watu wa Ukonga wanachota kisimani kwetu kwa foleni, wengine nawashonea nguo, na maji yanatutosha wote. Nikiwaza hilo roho inaniuma.

Lakini kinachonirudia zaidi ni jioni ile tulipotoka mazikoni. Kulwa alishika kisu akaniuliza kama kuku achinjwe leo au kesho.

"Hachinjwi," nikamwambia. "Ndiyo mahari yangu."

Alinitazama. Akaitazama khanga yangu iliyochanika upande. Akakirudisha kisu ndani, akachukua kopo, akaenda kisimani kumchotea kuku maji.